Gagula Mbele ya Msomaji wa Gusii: Rai za Wasomaji Kuhusu Mashimo ya Mfalme Sulemani

Ni vitabu vichache vilivyofasiriwa kwa Kiswahili wakati wa ukoloni ambavyo vimechapwa upya na kusomwa na vizazi vingi kama Mashimo ya Mfalme Sulemani. Riwaya asilia ya H. Rider Haggard ilitoka Uingereza mwaka 1885. Tafsiri ya Frederick Johnson ilitoka mwaka 1929, na kwa miongo mingi iliyofuata ikawa sehemu ya malezi ya msomaji wa Afrika Mashariki. Kila kitabu hiki kinaporudi mikononi mwa wasomaji, rai zao hugawanyika. Wako wanaokipokea kama jamaa aliyerejea kutoka safari ndefu, na wako wanaotamani asingerejea. Makala haya yanazipitia rai hizo na kuzipima kwa onyesho moja la riwaya, nalo ni lile la kunuswa kwa wachawi mbele ya mfalme Twala. Kipimo hicho kimechaguliwa kwa sababu onyesho hilo likisomwa Nyamira au Kisii halisomeki kama linavyosomeka kwingineko.

Kwanza yafaa kuiweka riwaya hii katika ukoo wake. Wahakiki wa Magharibi wana utanzu wanaouita riwaya ya upanga na uchawi, yaani masimulizi ya mashujaa wanaopambana kwa silaha za mkono dhidi ya wafalme wadhalimu na wenye nguvu za giza. Mfano unaotajwa zaidi ni hadithi za Conan zilizoandikwa na Mmarekani Robert E. Howard kuanzia mwaka 1932. Haggard alimtangulia Howard kwa karibu nusu karne, na mengi ya utanzu huo yamo tayari katika Mashimo: ramani ya kale, jangwa la kuua kwa kiu, fulana za chuma, shoka linalokata kichwa cha mfalme, na ajuza mwenye siri za mizimu. Msomaji wa Kiswahili naye hakuwa mgeni wa mambo hayo. Utenzi wa Rasi'lGhuli ulikuwa umekwisha kumzoesha vita vya mashujaa, Alfu Lela Ulela ilimpa majini na wafalme, na baadaye, mwaka 1952, Shaaban Robert angempa Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani. Kwa hiyo Johnson alipanda mbegu katika shamba lililokwisha kulimwa.

Kisa chenyewe kinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Waingereza watatu, wakiongozwa na mwindaji Allan Quatermain, wanakwenda kumtafuta ndugu wa mmoja wao aliyepotea akitafuta hazina ya Sulemani. Wanafuatana na mtumishi, Umbopa. Baada ya jangwa na milima wanafika nchi ya Wakukuana inayotawaliwa na Twala, mfalme mkatili aliyepata kiti kwa damu, akishauriwa na Gagula, ajuza asiyejulikana umri wake. Umbopa anabainika kuwa ndiye mrithi halali, Ignosi. Vita vinapiganwa, Twala anauawa, almasi zinaonekana, na Gagula anasagwa na mlango wa jiwe aliokusudia uwe kaburi la wageni.

Rai inayosikika zaidi miongoni mwa wasomaji wa umri mkubwa ni ya kusifu lugha. Kwao Mashimo ni mfano wa Kiswahili kinachotiririka, chenye sentensi zinazobeba kitendo bila kujikwaa, na wengi husema kuwa walisahau kabisa kuwa wanasoma tafsiri. Sifa hiyo ina mashiko ya kihistoria. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, Johnson mwenyewe akiwa katibu wake wa kwanza. Tafsiri ya 1929 imesimama katikati ya matukio hayo mawili. Wanafunzi waliosoma Mashimo walikuwa wakijifunza usanifu kabla hawajaambiwa kuwa upo. Anayekataa kitabu hiki kisichapwe tena na akumbuke kuwa anaifunga pia hati muhimu ya historia ya lugha yenyewe.

Hata hivyo, lugha nzuri si hoja ya kunyamazisha rai ya pili, ambayo ndiyo nzito katika vyuo vikuu tangu miaka ya sabini. Rai hii inasema kuwa riwaya ni wimbo wa ubeberu. Mwafrika ndani yake ama ni mtumishi mwaminifu, ama ni mfalme mkatili, ama ni mchawi. Akiwa mwema huwa ni kwa sababu amekubali uongozi wa wageni, na hazina ya nchi yake inatoka mfukoni mwa Mwingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), anamtaja Haggard miongoni mwa waandishi wenye ubaguzi wa wazi. Rai hii ni ya kweli, na makala haya hayaipingi. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi husimama hapo. Mwanafunzi hujifunza kulitia kitabu chapa ya ubaguzi, akakifunga, na kukariri chapa hiyo katika mtihani bila kuonyesha ni sentensi gani zinazofanya kazi hiyo na kwa njia gani.

Rai ya tatu haiandikwi sana lakini husemwa. Ni rai ya mzazi, ya mhubiri, na wakati mwingine ya mwalimu mkuu: kitabu chenye wachawi hakimfai mtoto, kwa maana kitamwingiza katika imani za giza. Wenye rai hii hawachagui. Watakataa Mashimo, Adili na Nduguze na hekaya za majini kwa pumzi moja. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mhadhiri angeweza kuicheka rai hiyo na kupita. Nyamira hawezi. Huko neno mchawi limetoa watu uhai, na anayelihofia neno hilo ana sababu, hata kama dawa anayoipendekeza siyo.

Watafiti wamelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Robert LeVine na Barbara LeVine, waliofanya utafiti Gusii katikati ya miaka ya hamsini na kuchapisha kitabu Nyansongo mwaka 1966, walieleza jinsi hofu ya uchawi ilivyopenya katika mahusiano ya majirani na wakeza, yaani wake walioolewa na mume mmoja. Justus Ogembo, katika kitabu chake cha mwaka 2006, alichunguza mauaji ya washukiwa wa uchawi yaliyotokea Gusii kati ya mwaka 1992 na 1994. Mwezi Mei 2008, watu kumi na mmoja, wengi wao wanawake wazee, waliteketezwa kwa moto na kundi lililokwenda nyumba kwa nyumba. Oktoba 2021, wanawake wazee wanne waliuawa Marani, katika kaunti ya Kisii, kwa tuhuma hiyohiyo. Msomaji aliyekulia katika mazingira hayo anapofika kwenye onyesho la Gagula hafiki kwenye nchi ya kubuni.

Lugha yake ya kwanza nayo inamfanya asome kwa jicho kali zaidi kuliko mfasiri. Ekegusii kinatenganisha watu ambao Kiswahili cha mazungumzo hupenda kuwatia katika kapu moja. Omorogi ni yule anayeaminiwa kudhuru kwa siri, kwa ujuzi unaosemekana kurithishwa nyumbani. Omoragori ni mwaguzi, kwa kawaida mwanamke, anayeendewa ili aeleze chanzo cha maradhi au msiba. Omonyamosira ni mtaalamu anayelipwa kukinga watu na kulipiza kisasi dhidi ya mrogi. Mwanafunzi wa isimu ataona mara moja kuwa omorogi na kitenzi cha Kiswahili kuroga ni mzizi mmoja, na kwamba mlozi ni ndugu yao. Lakini katika Mashimo mipaka hiyo imefutika. Gagula anaagua, anashauri mfalme, anawanusa wachawi, anajua dawa, na msimulizi anamchora yeye mwenyewe kama mchawi. Amekuwa omoragori na omorogi katika ngozi moja. Msomaji wa Nyamira ana haki ya kuuliza: ikiwa mwenye kunusa ndiye mchawi, wale walionuswa ni nani?

Swali hilo linafungua onyesho lote. Ni usiku wa mbalamwezi. Majeshi yameketi kimya kwa maelfu. Gagula anaingia na wanawake kumi, wengi wao wazee, nyuso zimepakwa rangi, ngozi za nyoka zinaning'inia, kila mmoja ana fimbo yenye panda. Wanacheza, wanakaribia safu, wananusa, na anayeguswa kwa fimbo anakokotwa mbele ya mfalme na kuuawa papo hapo. Kufikia mwisho maiti zinakaribia mia moja. Waliouawa hawapewi nafasi ya kujitetea, na riwaya yenyewe inaeleza sababu: wenye ng'ombe wengi na wenye kuchukiwa na mfalme au na Gagula ndio wanaonukia. Hatimaye fimbo inamwelekea Umbopa, na hapo tu ndipo wageni wanaposimama na bastola zao.

Haggard hakuamini kuwa walionuswa walikuwa wachawi, na hakutaka msomaji aamini. Kwa upande huu onyesho lake ni somo la wazi kuhusu jinsi tuhuma inavyofanya kazi: uchawi ni jina linalopewa mali ya mtu au uadui wa mtu. Wanaofuatilia visa vya Gusii wametaja mara kwa mara mizozo ya ardhi, urithi na wivu wa kifamilia nyuma ya tuhuma. Weka shamba mahali pa ng'ombe, na onyesho la Wakukuana linasomeka kama taarifa. Zaidi ya hayo, Ignosi anapoahidiwa msaada, anatakiwa naye aahidi kuwa chini ya utawala wake kunusa wachawi kutakoma na mtu hatauawa bila hukumu. Anaahidi, ingawa kwa kusitasita. Ni ahadi ambayo kijiji chochote kingeipokea.

Ingekuwa hayo tu, rai ya tatu ingejibiwa na kazi ingekwisha: kitabu kinapinga mauaji ya washukiwa, basi kisomwe. Tatizo ni kwamba riwaya inakanusha kwa mkono mmoja na kutenda kwa mkono wa pili. Tazama jinsi Gagula anavyoingia kwa mara ya kwanza. Kabla hajasema neno, kabla hajamdhuru yeyote, msomaji amekwisha kumhukumu. Msimulizi amemlinganisha na nyani, amehesabu makunyanzi ya uso wake, ameonyesha kuwa ameishi kupita kiasi. Uzee wenyewe umekuwa ushahidi. Fimbo ya Quatermain haina panda, lakini inanusa vilevile, na inanusa kwa vigezo vilevile vilivyowaua wazee wa Gusii: mwili uliokunjamana, macho makali, umri ambao majirani wameanza kuuona kuwa wa ziada. Msomaji anayeshangilia mlango wa jiwe unapomsaga Gagula amekuwa, kwa ukurasa mmoja, miongoni mwa wale waliokaa kimya katika mbalamwezi.

Hapa ndipo rai ya pili inapopata meno. Ubaguzi wa Haggard haumo tu katika kuwapa Waingereza ushindi. Umo katika mgawanyo wa uchawi. Wageni nao wanajidai kuwa na nguvu zisizo za kibinadamu: wanasema wametoka nyotani, wanaonyesha bunduki kama radi, mmoja anawatisha wenyeji kwa meno ya bandia, na wanatumia kalenda kutabiri kupatwa ili waonekane wameuamuru mwanga wa mbinguni. Msimulizi anayaita hayo werevu. Ni jambo la kufurahisha, kwa mwenye kupenda sheria, kwamba Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1925, miaka minne tu kabla ya tafsiri ya Johnson, ilimhesabu mkosaji yeyote anayejidai kuwa na nguvu za ajabu kwa nia ya kutisha watu. Kwa kifungu hicho Quatermain angepelekwa kortini pamoja na Gagula. Sheria hiyohiyo iliharamisha pia kumtuhumu mtu kuwa mchawi, isipokuwa kwa kupeleka habari kwa wenye mamlaka. Nusu hii ya sheria ndiyo isiyokumbukwa vijijini.

Gusii ina kumbukumbu yake ya mwanamke mzee aliyesimama mbele ya wageni wenye bunduki. Moraa Ngiti, mganga na mtabiri, ndiye anayekumbukwa kwa kumchochea Otenyo amchome mkuki ofisa wa Kiingereza Geoffry Northcote, Januari 1908. Katika kumbukumbu za watu wake ni shujaa. Mtu na ajaribu kumwazia Moraa akisimuliwa na Quatermain. Angekuwa ajuza anayepiga kelele, mchochezi wa damu, mwenye siri za giza. Yaani, angekuwa Gagula. Na mtu na ajaribu kinyume chake, kumwazia Gagula akisimuliwa na Mkukuana aliyeona nchi yake ikiingiliwa na watu waliofuata almasi. Riwaya yenyewe inamwacha Gagula atabiri kuwa wageni watakuja na kuwaangamiza wenyeji. Kwa yale yaliyotokea kusini mwa Afrika katika miaka iliyofuata 1885, ni vigumu kusema kuwa alikosea.

Je, hofu ya mzazi ijibiwe vipi? Kuna jambo moja katika taarifa za Mei 2008 ambalo wanafunzi wa fasihi hawana budi kulitazama kwa makini kuliko wengine. Kwa mujibu wa BBC, wanakijiji walidai wana ushahidi dhidi ya waliouawa, nao ulikuwa daftari. Walisema limepatikana katika shule ya msingi, na ndani yake mna kumbukumbu za mkutano wa wachawi, pamoja na habari za nani angerogwa baadaye. Watu walichomwa kwa sababu ya maandishi. Daftari hilo halikuwa riwaya, halikuwa na jina la mtunzi wala jalada la mchapishaji, na inaelekea hakuna aliyeuliza maswali ambayo darasa la fasihi huuliza kila siku: nani ameandika, anamwandikia nani, kwa nia gani, na tunajuaje? Kinachohofiwa na mzazi, yaani kijana kusoma maandishi kuhusu wachawi na kuyaamini, kilitokea kweli. Lakini hakikuletwa na kitabu cha hadithi. Kililetwa na ukosefu wa mazoea ya kusoma hadithi kama hadithi.

Kwa sababu hiyo, mhadhiri au mwalimu wa Manga au Ekerenyo anayetaka kulifundisha onyesho hili asiliruke, na asilifundishe kama kiungo cha kuchangamsha kisa. Njia inayopendekezwa hapa ni kulisoma mara mbili. Mara ya kwanza lisomwe kama lilivyo, darasa likiorodhesha kila neno linalomhusu Gagula kabla hajatenda jambo, na kulipanga kila neno hilo kando ya tendo lake la kwanza la kweli. Wanafunzi watastaajabu kuona jinsi safu ya kwanza ilivyo ndefu. Mara ya pili lisimuliwe upya na mmoja wa waliouawa, katika nafsi ya kwanza, tangu anapoketi katika safu hadi fimbo inapomgusa. Kazi hii si nyepesi. Riwaya haikumpa mtu huyo jina, mke, wala ng'ombe mmoja anayejulikana rangi yake. Mwanafunzi itambidi ampe vyote.

Linganisho linalofaa liko karibu. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert naye anabuni nchi isiyokuwako, yenye mfalme na baraza, na mtu anayeshitakiwa mbele ya halaiki. Lakini Karama, mshitakiwa, anasema. Anasema kwa siku sita, na kitabu karibu kizima ni sauti yake. Ni vigumu kuamini kwamba msomaji atakayekisoma baada ya kulisoma onyesho la Gagula hataona tofauti ya nchi hizo mbili za kubuni: katika moja mshitakiwa ni maiti kabla ya kufungua kinywa, katika nyingine watawala wanalazimika kusikiliza hadi jua linapotua, warudi kesho, wasikilize tena.

Kuhusu kuchapwa upya, basi, wenye kusifu lugha wanastahili kupata kitabu chao, lakini si kitupu. Toleo la shule lililo na utangulizi wa kurasa chache, unaoeleza mwaka wa riwaya, mwaka wa tafsiri, na siasa za yote mawili, lingewafaa wanafunzi kuliko marufuku. Na kama utangulizi huo utaandikwa na mtu anayejua Ekegusii, huenda akaanza na maneno matatu, omorogi, omoragori na omonyamosira, akimwomba msomaji aamue ni lipi kati ya hayo linalomfaa Gagula kabla hajaufungua ukurasa ambamo msimulizi anaamua kwa niaba yake.